Uliza Nikujibu: Udongo wa Unguja, mkono wa Kyela

Barua za safari hii karibu zote za udongo, sijui kumepita nini. Nimechagua tatu. Ya kwanza ndefu na jibu lake refu pia, kwa hivo alie na chai aiweke karibu.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mfinyanzi, kwetu Ikombe, wilaya ya Kyela, pembeni mwa Ziwa Nyasa. Kule vyungu ndo kazi ya wanawake tangu bibi wa bibi, tunapakia kwenye mitumbwi tunapeleka Matema, Jumamosi ni gulio Lyulilo, basi nimekulia humo. Baadae nikasoma sanaa Bagamoyo, nikaolewa, mume akapata kazi ya hoteli huku Unguja tukahamia, sasa tunakaa Bububu.

Shida yangu ya kwanza ni udongo. Kuna kijana ananichimbia huko shamba, kwa macho ni mzuri, unavutika, haupasuki ukikauka. Nafinyanga, nasugua kwa kokoto mpaka chombo kinang'aa kama nilivofundishwa na mama, nachoma, kinatoka kizima kabisa, afu baada ya siku kadhaa kinaanza kubanduka vibanzi vidogo vidogo na kila palipobanduka katikati kuna kidoa cheupe. Kazi za maonyesho nimezitupa nyingi. Mume wangu ananitania eti udongo wa huku umeshajua kama mimi wa bara.

Ya pili, nilipeleka vyungu vyangu kwa mwenye duka moja la sanaa mjini, akasema ni vizuri ila havina Uzanzibari, nichore milango na majahazi. Sawa. Mwaka huu nikaenda msibani nyumbani, mashangazi wakaangalia picha kwenye simu wakacheka, vyungu vya nani hivi, shingo kama za mabirika. Yani huku sio wa huku na kule sio wa kule.

Kilichonimaliza kabisa ni gae, kile kikaango cha udongo. Kabla ya Ramadhani nilimfinyangia jirani yangu gae la mkate wa ufuta, zawadi tu, nikalisugua likawa kama kioo. Kesho yake huyo, gae mkononi, hodi hajamaliza kupiga, "gae gani hili, nimeligeuza kwenye moto mkate wote umeangukia makaani!" Mbele ya watoto wangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Kazi zangu sasa hivi zote ni juu ya hilo swali la mtu kuwa wa wapi, nafinyanga vijumba visivyo na milango. Nakuuliza mama, nifinyange kikwetu au nifinyange kihuku? Na nina vigae vya mtungi wa marehemu mama uliovunjika njiani tulipohama, nafikiria nivitwange nichanganye na udongo wa Unguja, wenzangu wa sanaa wanasema hilo wazo zito. Nifanye?
*Mfinyanzi wa Bububu*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Tuanze na udongo, mana hayo mengine yanangoja lakini kazi za watu haziwezi kungoja. Udongo wako haujui bara wala kisiwani, una chokaa basi. Kisiwa hichi kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, ukichimba popote usishangae kukuta punje za jiwe hilo zimo ndani ya udongo, nyengine ndogo kama chumvi huzioni kwa macho. Sasa waulize wazee wa hapo Bububu chokaa ya kujengea ilikuwa inapatikanaje, watakwambia mawe yanapangwa na magogo yanachomwa, afu yakishapoa yanamwagiwa maji, yanachemka yenyewe, yanavimba, yanakuwa unga. Nyumba zote hizo za Mji Mkongwe zimesimama kwa mambo hayo. Na ndani ya chungu chako kinafanyika hichohicho kwa udogo wake, moto ukipanda kwenye nyuzi kama 800 hivi ile punje inageuka chokaa, chungu kinatoka kizima unafurahi, afu hewa yetu hii ya bahari si unaijua, inaipa unyevu kidogokidogo, punje inavimba ndani, haina pa kwenda, inasukuma nje. Ndo hicho kidoa cheupe.

Kupima ni rahisi. Chukua donge la udongo mkavu ambao haujachomwa, likamulie ndimu au siki, weka sikio karibu. Ukisikia unafanya *shiii* na vipovu vinatoka ujue chokaa imo. Pima na wa mashimo mengine usijifunge na kijana mmoja, wa bondeni na wa mlimani haulingani hata kidogo, na upande wa mashariki wa kisiwa huko Jambiani na Makunduchi ni mawe matupu usijisumbue.

Kama ndo huohuo unaoupenda basi uroweke uwe uji mwembamba uchuje, na sio kwa chekecheke ya unga, hiyo inapitisha, chuja kwa kitambaa chepesi au chandarua kilichokunjwa. Wako wafinyanzi wa pwani sehemu nyengine za dunia wanaokandia maji ya bahari kwa sababu chumvi inazuia hilo tatizo, weye jaribu kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kilo ya udongo uone, ila rangi itakucheza, chombo kinaweza kutoka kina weupeweupe juu na ule mng'aro wa kokoto ukapungua. Wengine chombo kikitoka motoni kikishapoa kiasi cha kushikika wanakizamisha kwenye maji palepale kikae, chokaa inazimika kwa mara moja kabla haijapata muda wa kuvimba polepole, kwa punje ndogo inasaidia, kwa kubwa hapana, itabanduka tu. Na unaweza kupunguza moto. Nyinyi mnachoma kwa kuni na majani uwanjani, kwa hivo kuuchunga unakuweza, huhitaji mashine ya mtu.

Haya, twende kwenye gae.

Mwanangu, nimesoma barua yako yote na hapo ndo nilipocheka peke yangu. Unaniambia hujulikani huku, afu unanihadithia jirani aliekuja mbio na gae mkononi kukugombeza! Hebu fikiri. Ungekuwa mgeni kwake angefanya nini? Angekwambia ahsante sana limekuja zuri, akaliweka uvunguni, na mkate akaupikia gae lake la zamani, weye usijue mpaka leo. Sisi watu wa huku mgeni hatumgombezi, tunamchekea na kumkaribisha chai mpaka anachoka. Yule mama kakurudishia chombo mana anajua nyumba yako, anajua saa uliyopo, na anataka gae lake litengenezwe, Ramadhani inaingia. Hiyo ni oda mwanangu, sio aibu.

Na kasema kweli tena. Mkate wa ufuta unga wake unapakwa kwenye gae la moto kwa mkono wa maji ya chumvi, ukishashika chini gae zima linapinduliwa, uso unaangalia makaa, ili juu nako kuive na ufuta upate rangi. Pale mkate unaning'inia, haushikwi na kitu ila huo udongo. Sasa weye umekuja na kokoto lako la Ikombe umesugua mpaka kioo, unga utashika wapi? Mng'aro wa kwenu umetengenezwa kwa mtungi wa maji na chungu cha mboga, huko ni sawasawa kabisa. Gae linataka uso uliokaushwa hivihivi, mkavu wa mkono, sio mbaya wa kukwaruza lakini uwe na meno kidogo. Rudi kwa huyo mama, na usiende na gae jipya, nenda na mikono mitupu umuombe akuoneshe anavopika, ukae hapo jikoni kwenye kibao cha mbuzi uangalie mdomo wa gae anaushikaje akiligeuza na kitambaa, kina kiende wapi, uzito gani unamchosha mkono. Hayo hayafundishwi chuo chochote.

Ndo hapo nnapoingia kwenye lile swali lako kubwa. Unauliza kikwetu au kihuku kama vile kuna kabati mbili. Chungu kinajulikana ni cha wapi kwa anaekipikia. Kikiwa Bububu jikoni kinachemsha mchuzi wa pweza ni cha Bububu hata kama mkono uliofinyanga ulifundishwa ziwani, na mkono nao haupotei, utaonekana tu kwenye shingo na kwenye kitako, humkimbii mama yako hata ukitaka.

Tena hata hao wanaotaka Uzanzibari wa kwenye chungu ningependa waende Unguja Ukuu. Pale, na kule Tumbe Pemba, watu walikuwa wanaishi tangu karne ya 7 huko, na vyungu vilivochimbuliwa vina pembetatu zilizochanjwa shingoni, mistari imekwaruzwa ndani yake. Abdurahman Juma, Mzanzibari mwenzetu, kachimba Unguja Ukuu na kaandika. Vyungu vya namna hiyohiyo vimeokotwa pwani nzima, toka Lamu mpaka Msumbiji, Ngazija, na bara ndani mbali na bahari, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndo alievipa jina linalotokana na hizo pembetatu. Kwenye shimo hilohilo la Unguja Ukuu wamekuta na vipande vya mitungi ya rangi ya buluu ya kijani iliyotoka Ghuba ya Uajemi. Yani wa bara na wa ng'ambo ya bahari wote jikoni pamoja, na hapo hakuna jahazi lililochorwa wala mlango. Milango ya nakshi unayoambiwa uchore mingi tunayoiona mjini ni ya karne ya 19, ya juzi tu kwa umri wa chungu. Mwenye duka anataka kitu kinachoingia kwenye begi la mtalii, ni biashara yake simlaumu, mfinyangie vikombe viwili vitatu vya jahazi ulipie kodi ya nyumba ukitaka, ila usimpe yeye kazi ya kukwambia weye nani. (Na kichekesho yeye anataka milango, weye unafinyanga vijumba havina milango, mnagombana bure.)

Kuna mwanamke nnataka umjue kama bado hujamjua, Magdalene Odundo. Kazaliwa Nairobi 1950, utoto wake mwengine India na mwengine Mombasa, 1971 kaenda Uingereza kusoma, na ufinyanzi kaukutia hukohuko. Sasa angalia, kutaka kujua chungu cha mkono akarudi Afrika, na sio Kenya peke yake, 1974 akaenda Nigeria, Abuja ya zamani ambayo sasa inaitwa Suleja, kukaa na kina Ladi Kwali, mama mfinyanzi ambae mpaka leo picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Akaenda na New Mexico Marekani kuona vyungu vyeusi vya wenyeji wa Pueblo. Anajenga kwa mkono bila ya gurudumu, anasugua kama unavosugua weye, na weusi wake anaupata kwa kukinyima chombo hewa kwenye moto. Waingereza wakampa cheo cha Dame 2020 na Wakenya wanamwita wao. Chungu chake ukikiuliza cha wapi hakina jibu moja na hakuna alieona tatizo. Mashangazi zako wamecheka shingo za mabirika, wache wacheke, birika umeliona huku na macho yako si yako? Ila nikwambie, wakicheka ni kwamba walitambua kilichobadilika, wanakijua chungu chao. Sikiliza wanachokisema juu ya kitako na unene, mana hapo huwa hawakosei, hayo ya shingo yapitishe.

Vigae vya mama. Hilo wenzako wanaliona zito kwa sababu ya hadithi yake, litapendeza kwenye karatasi ya ukutani pale maonyeshoni. Mie nnaliona zuri kwa sababu nyengine, vigae vilivotwangwa ni dawa ya udongo siku zote, vinapunguza kusinyaa, vinasaidia chombo kustahamili moto wa ghafla, na vinaupa uso meno. Gae linataka nini? Hayohayo. Kwa hivo twanga, chekecha upate punje kama za sukari, anza na sehemu moja kwa kumi ya udongo, ukiona bado ongeza, ufinyange gae la jirani, na usimwambie mtu kilichomo ndani mpaka aulize mwenyewe.

Lakini usitwange yote! Vipande vya tumbo twanga, vya mdomo viweke. Wachimbaji wa mambo ya kale wakiokota vigae mia wanachokimbilia ni midomo, mana mdomo ndo unaoonesha mkono wa mfinyanzi, alivoukunja, alivoumalizia kwa kidole au kwa kijiti. Siku binti yako akitaka kujua bibi yake alimalizaje mdomo wa mtungi utampa nini, unga?

Vijumba visivyo na milango endelea navyo, sikatazi, kazi ya sanaa ina haki yake ya kulalamika. Ila usivifanye peke yake mwaka mzima, mikono ikizoea kulalamika haifinyangi tena.

Na sheha wako, kiongozi wa mtaa, kama hujamuona tangu mhamie nenda, hilo la karatasi sio la sanaa, usingoje siku unahitaji barua ndo uanze kujitambulisha.

SWALI: Asalaam alaykum. Mimi mzee wa Wete. Binti yangu yuko mjini Unguja anasema yeye ni msanii wa vyombo vya udongo, nimekwenda kumtembelea nikakuta ananunua sahani kuukuu za watu sokoni anazichora juu, hafinyangi hata kidogo, sura za watu anachora, na bahari, na nyumba yetu ya Wete kaichora kwenye bakuli la supu. Anasema ni kwa sababu ya kuikumbuka. Sasa hii ni kazi au ndo kupoteza pesa ya karo?

JIBU: Waalaykum salaam mzee wangu. Ni kazi. Kuna Lubaina Himid, kazaliwa hapa Zanzibar 1954, kapelekwa Uingereza mchanga hata kutambaa bado. Mwaka 2007 alikusanya vyombo vya mitumba 100, sahani, majagi, mabakuli ya supu yenye vifuniko, akavichora juu sura za watumwa na za mabwana wao, mana mji wa Lancaster aliokuwa anavionesha ulitajirika kwa biashara hiyo na haupendi kusema. 2017 akapewa Turner Prize, moja ya tuzo kubwa za sanaa kule. Na yeye kachora juu ya sahani za watu kama binti yako.

Bakuli la supu lenye nyumba yenu ungelinunua weye kabla hajaja mwengine. Ila mwambie rangi hizo za kuchorea juu sio za kulia chakula, chombo akishakichora kikae ukutani, mgeni asije akapakuliwa urojo humo.

SWALI: Mie nasema kweli sipendi. Siku hizi kila mgeni akija, awe wa bara awe Mzungu, anafinyanga vyetezo vya kufukizia udi, anauza kwenye maduka ya watalii bei kubwa, udongo wetu, umbo letu, na bibi zetu waliokuwa wakifinyanga hawajulikani hata majina. Nyie waandishi mnawasifu tu. *Mwenyeji wa Kikwajuni*

JIBU: La majina una haki na sikupingi. Mtu akifundishwa na bibi wa shamba kisha akaenda kuuza kwa jina lake peke yake huyo ni mwizi hata akiwa wa Kikwajuni, na wako wa hapahapa wanaofanya hivo, tunawajua. Bibi atajwe, na akiuzwa umbo lake apate chake.

La umbo sikubali. Chetezo kinatumika pwani yote na Uarabuni kote, hatukukizaa sisi peke yetu. Na kilichowaua bibi zetu wafinyanzi sio huyo mgeni alieanza juzi, ni sufuria za bati na ndoo za plastiki, sisi wenyewe ndo tuliozinunua. Nnakuuliza shoga, chetezo chako cha mwisho umekinunua kwa bibi gani? Au ni kile cha umeme kinachochomekwa ukutani, chenye taa nyekundu? Nyumba nyingi nnazoingia udi unanukia vizuri na chetezo kina waya.

La udongo ndo linalotaka kusemwa kwa nguvu zaidi. Udongo una mwenyewe, shamba lina mwenyewe, na anaechimba kwa ajili ya biashara, awe nani, aende kwa mwenye shamba akubaliane nae kwa pesa, tena mbele ya mtu wa tatu, asimtume kijana usiku na gunia. Na shimo akishamaliza alifukie. Masika yakiingia yale mashimo yanajaa maji, na watoto wakitoka chuo cha Kurani jioni hawaangalii wanapokanyaga.